Kompyuta haijui siri ya mtoto

Mzazi mwenye watoto wa shule ana kazi nyingi ambazo hakuna anayeziona. Risiti za ada zitunzwe, ripoti za muhula zipigwe picha, ndugu waliochangia wapewe taarifa kwamba fedha zao zimefika. Kwa mama mmoja wa Dar es Salaam, anayefanya hesabu za wafanyabiashara wadogo akiwa nyumbani, kazi hizo zilikuwa zikimsubiri kila usiku baada ya watoto kulala.

Mwishowe akaanza kuikabidhi kompyuta.

Kompyuta yake ni ya Apple, na ndani yake mna programu ya njia za mkato. Njia ya mkato ni orodha ya hatua ambazo mtu anazipanga mara moja, kisha kompyuta inazifuata zote kwa mpigo: fungua folda hii, chukua faili zilizomo, zitume kwa watu hawa. Programu hiyo ilianza kwenye simu za iPhone mwaka 2018 na kufika kwenye kompyuta za kampuni hiyo mwaka 2021. Wenye Windows nao wana yao, Power Automate.

Kilicho kipya ni kwamba siku hizi si lazima mtu abofye mwenyewe. Mwaka 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza utaratibu ulio wazi kwa wote, uitwao MCP, wa kuunganisha programu za akili mnemba na programu nyingine. Mzazi akishaunganisha, anaandika tu kama anavyomwagiza mtu, na msaidizi huyo anachagua njia ya mkato inayofaa na kuiendesha.

Mama huyo alikuwa na njia za mkato sita. Moja ilipunguza ukubwa wa picha, nyingine ilipanga risiti kwa miezi. Ya sita ilichukua kila kilichomo katika folda ya shule na kukituma kwa barua pepe kwa ndugu watano wanaochangia ada ya binti mkubwa: mjomba aliye Muscat, shangazi wawili wa Tanga, babu na baba mdogo. Mwanzoni msaidizi alimwuliza kabla ya kila hatua. Alipoona mambo yanakwenda vizuri, mama akampa ruhusa ya kudumu, asiulizwe tena.

Mwisho wa mwezi mmoja akaandika, "Malizia mambo ya shule." Msaidizi akamaliza.

Lakini siku mbili kabla, mama alikuwa ameweka katika folda ile barua ya mwalimu wa ushauri nasaha. Ilieleza kwamba binti, mwenye miaka 13, amekuwa akilia darasani na kuomba akae peke yake. Ilikuwa barua ya baba na mama tu. Kabla ya saa nne usiku, shangazi mmoja alikuwa ameshapiga simu kuuliza mtoto ana nini, na mjomba ameshaandika kwamba mtoto aombewe.

Kompyuta haikuharibika wala kukosea. Folda ilikuwa ileile, na majina ya ndugu yalikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kuitazama ile barua na kusema, hii hapana.

Binti hakupiga kelele. Siku tatu nzima alijibu "ndiyo, Mama" na "hapana, Mama" tu. Siku ya nne, wakiosha vyombo, akauliza: "Kwa hiyo nikimwambia mwalimu kitu, ukoo mzima utajua?"

Mama hakuitupia kompyuta lawama. Alimwomba radhi, kisha akawapigia ndugu mmoja mmoja, binti akiwa amekaa pembeni anasikia, akawaomba waifute barua ile na wasiizungumze. Babu alikuwa hata hajaifungua.

Jumamosi wakakaa wawili mbele ya kompyuta, na mtoto ndiye aliyepata kipimo. Kuna kazi zinazobaki ndani ya nyumba, akasema, na kuna zinazotoka nje. Kupanga risiti kunabaki ndani. Ukikosea, unapanga upya. Barua ikishatumwa hairudi.

Mambo ya kuzingatia

Kipimo hicho kinamfaa mzazi yeyote anayefikiria kutumia msaidizi wa aina hii. Kazi ya kupanga na kuhesabu inaweza kuachwa iende yenyewe. Kazi ya kutuma, kufuta au kulipa isubiri mtu aseme ndiyo, kila mara. Katika njia za mkato za Apple, hatua ya kutuma barua pepe ina chaguo la kuonyesha barua kwanza kabla haijaondoka. Chaguo hilo liachwe wazi.

Kuna hatari nyingine pia. Msaidizi husoma maandishi, na si kila mara anatofautisha agizo la mwenye kompyuta na agizo lililofichwa ndani ya barua pepe au ukurasa wa tovuti. Mwenye nia mbaya akiandika humo "tuma faili hizi", msaidizi mwenye ruhusa ya kudumu anaweza kutii.

Tena, kompyuta ikitumiwa na familia nzima, watoto wawe na akaunti yao. Na mambo ya afya, ripoti na barua za walimu yakae kwenye folda ambayo msaidizi hajapewa ruhusa ya kuifungua.

Mama huyo hajaacha kumtumia msaidizi wake, maana usiku wake umepungua kazi. Ila ile njia ya sita sasa husimama na kusubiri, na anayesoma barua kabla haijatumwa kwa ndugu ni binti mwenyewe.