Deni la Mikate ya Mofa

Msafiri atokaye Tanga kwenda Lamu kwa nchi kavu huvuka mpaka Horohoro, akapita Mombasa na Malindi, kisha Garsen na Witu, hadi barabara inapokoma kwenye gati la Mokowe. Hapo hana budi kupanda mashua. Baada ya muda mji hujitokeza mbele yake: nyumba za mawe ya matumbawe, minara ya misikiti na majahazi yaliyotia nanga. Ndani ya mji vichochoro ni vyembamba, mizigo hubebwa na punda, na wanaume hushona kofia barazani huku wakijibu salamu za wapitao.

Nilikwenda huko kwa ajili ya mstari mmoja wa daftari.

Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa seremala hapa Tanga. Tulimjua kwa randa, msumeno na ukimya wake. Msikitini alikaa safu ya nyuma, na akitakiwa kuswalisha alimtanguliza mwingine. Kila niliporudi likizo kutoka chuoni, swali lake lilikuwa moja tu: "Mmefika wapi?" Nilimtajia mlango wa fiqhi tuliokuwa tukiusoma, naye akaitikia kwa kichwa, akarejea kazini.

Alipofariki, warithi tulikaa kuorodhesha alichokiacha. Vifaa vya kazi vilithaminiwa, kiwanja kikapimwa. Mama akatukumbusha kasha lililokuwa uvunguni, ambalo sote tulidhani ni la nguo kuukuu. Ndani mlikuwa na kofia ya kushonwa kwa mkono iliyogeuka rangi, picha ya vijana watatu mbele ya ngome, na daftari la herufi za Kiarabu. Dada zangu walilishika kwa heshima na kutaka kulirudisha, wakidhani ni dua. Nilipolifungua nilikuta maelezo ya masomo ya Safinatun Najah. Pembezoni, kwa herufi zizo hizo, maneno yalikuwa ya Kiswahili.

Hapo ndipo tulipokutana na kijana tusiyemjua. Alifika Lamu kwa jahazi wakati wa kusi, akasoma Riyadha. Aliandika majina ya wenziwe, usiku aliolala njaa, na furaha yake siku mwalimu alipomsifu kwa usomaji. Aliandika pia madeni yake, na kila alilolilipa alilipiga mstari. Kisha, mwezi wa Rajab 1393, yaani 1973, somo limekatika katikati ya mlango wa Swala. Chini yake pana maneno haya: "Baba amefariki. Narudi Tanga. Wadogo zangu ni wanne." Baada ya hapo kurasa ni tupu.

Deni moja halikupigwa mstari: shilingi 35 za mikate ya mofa.

Kikao cha mirathi kikasimama. Waislamu tunajua kuwa deni la maiti hutangulia wasia na mgao wa warithi, na kwamba udogo wa deni haulifuti. Tulikubaliana litengwe fungu, nami niende kumtafuta mdai au warithi wake. Wasingepatikana, fungu hilo lingetolewa sadaka kwa niaba yao.

Nilianzia kwenye ngome ile ya pichani. Ilikamilika 1821, na wakati wa picha ile ilikuwa bado gereza. Ilibaki hivyo hadi 1984, na leo ni jumba la makumbusho. Kutoka hapo niliishika njia kuu, ambayo Waamu huiita Usita wa Mui, nikaelekea Langoni hadi Riyadha. Chuo hiki kiliasisiwa na Habib Swaleh zaidi ya miaka 100 iliyopita. Anakumbukwa kwa kuwafungulia mlango wa elimu hata wale ambao jamii ya wakati ule iliwabagua, wakiwamo waliotoka utumwani. Nilisikia watoto wakisoma kwa sauti, nikafahamu kwa nini mtoto wa mkulima kutoka Tanga alipata nafasi mahali pale.

Baada ya Alasiri mzee mmoja aliitazama picha, akamtambua kijana wa kati. Hakumtaja kwa jina, alisema tu, "Huyu ndiye Mtanga aliyekuwa akitusomea." Ndiye aliyenipeleka kwa mtoto wa yule mwenye tanuri la mofa, naye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Nilimweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, baba yangu aliwasamehe wanafunzi wengi."

"Ami," nilimjibu, "kama alisamehe, Allah amlipe. Sisi hatukuwapo, na daftari linasema deni lipo."

Nilimpa fungu tulilolitenga, lililozidi deni mara nyingi. Alihesabu shilingi 35, akazitia mfukoni. Kilichobaki aliniomba nikiache Riyadha, wanunuliwe wanafunzi mkate.

Usiku ule nilifikiri juu ya lile swali la "Mmefika wapi?" Mtu aliyekatishwa masomo kwenye mlango wa Swala alipiga randa miaka yote ili mwanawe aivuke milango iliyobaki. Kila likizo alitaka kujua tumefika wapi.

Ndugu wasomaji, katika nyumba zetu nyingi za pwani yamo makasha na karatasi za namna hii. Wajukuu wanazihifadhi kwa adabu lakini hawazisomi, kwa kuwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kimewatoka. Huenda mna deni ndani yake, au amana, au jina la ndugu aliyesahauliwa. Zifungueni wazazi wangali hai, muandike nyuma ya kila picha majina ya waliomo. Kwa walio jirani na msikiti wetu, kila Alhamisi baada ya Isha mimi hukaa barazani. Mwenye karatasi ya mzazi wake asiyoweza kuisoma na aje nayo, tutaisoma pamoja.