Kilichochoka Kilikuwa Kimoja Tu

Jumamosi moja jioni, mbele ya vijana zaidi ya thelathini, nilimwambia katibu wetu neno ambalo hadi leo natamani nisingelisema. Tulikuwa tukingoja orodha ya wale watakaosafiri kwenda Likasi kwa mkutano wa vijana. Orodha ilipaswa kuwa tayari saa tisa alasiri. Saa kumi na moja ilifika, bado hatujaiona. Mwishowe binti huyo aliingia ukumbini akiwa na karatasi mbili mkononi na jasho usoni, nami nikasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Kama kazi inakushinda, sema, tumpe mwingine." Hakujibu. Aliweka karatasi mezani, akaenda kuketi nyuma kabisa. Juma lililofuata hakuja.

Ninawaandikia habari hii kwa sababu chanzo chake kilikuwa kifaa kisichozidi kiganja cha mkono, kilichokuwa kimejificha ndani ya kompyuta ya kikundi chetu. Nami niliyekuwa mlezi sikuwa nimejisumbua hata siku moja kukaa mbele ya kompyuta hiyo.

Kwa kuwa katibu hakuja, ilinibidi niandike mwenyewe taarifa ya mwezi. Kompyuta hiyo tuliipata mwaka 2013, ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine kabla yetu. Nilibonyeza kitufe cha kuiwasha, nikangoja. Nikaenda kuchota maji ya kunywa, nikarudi, nikakuta alama ya kungoja bado inazunguka kiooni. Nilitazama saa yangu: dakika sita zilipita kabla mashine haijawa tayari, na nyingine tatu kabla ukurasa wa kuandikia haujafunguka. Nilipoandika mistari minne, umeme ukakatika. Betri ilikuwa imekufa zamani, hivyo kila kitu kilizimika papo hapo. Umeme uliporudi nilianza upya, dakika sita na dakika tatu. Jioni ile nilianza upya mara tatu. Ndipo nilipofahamu jasho la binti yule lilitoka wapi.

Ningependa kuwaambia kwamba mara moja niliondoka kwenda kumwomba radhi. Sikufanya hivyo. Fikra yangu ya kwanza ilikuwa kununua kompyuta mpya. Katika hazina yetu kulikuwa na dola 310, tulizokusanya kwa miezi minane kwa kuuza mandazi na maji baridi. Fedha hizo zilikusudiwa kuwasaidia wenzetu watatu kulipia mtihani wa taifa. Nilijiambia kwamba tutazirudisha baadaye. Nadhani ninyi nyote mnalijua hilo "baadaye" na mwisho wake.

Aliyenizuia ni mtunza hazina wetu, kijana asiyesema sana. Aliniambia: "Mlezi, tusiizike kabla ya kumwonyesha fundi. Mtu hazikwi kwa sababu amechelewa kuamka."

Tulikwenda pamoja katika komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi, karibu na soko, kwa fundi mmoja mwenye meza ndogo chini ya mwavuli. Alikuwa kijana wa umri wenu. Hakuifungua mashine upesi. Aliiwasha, akainama, akaweka sikio lake upande wa kushoto, mahali mtu anapoegemeza mkono. Akaniambia nisikilize nami. Nilisikia sauti ndogo, tik, tik, kama kucha inayogonga bati. Kisha akafungua programu inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe, akanionyesha mistari iliyokuwa imegeuka kuwa myekundu. "Papa," akasema, "mashine hii haijazeeka. Imevunjika mguu mmoja."

Mguu huo ni diski, yaani mahali ambapo kompyuta huweka yote inayopaswa kuyakumbuka hata ikizimwa. Ndani ya diski ya namna ya zamani kuna sahani zinazozunguka, na juu yake mkono mwembamba unaokimbia huku na huku kutafuta kila kipande cha habari. Namna hiyo ya kufanya kazi ina umri mkubwa. Diski ya kwanza iliyouzwa pamoja na kompyuta ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 pana, na zote pamoja zilihifadhi herufi milioni 5 tu. Diski yetu ilikuwa ndogo zaidi kwa umbo na kubwa zaidi kwa uwezo, lakini desturi yake ilikuwa ile ile: kuzunguka na kutafuta. Sahani zake zilizunguka mara 5,400 kwa dakika. Ili kupata kipande kimoja, mkono ule ulihitaji muda unaozidi kidogo sehemu moja ya mia ya sekunde. Muda huo unaonekana si kitu. Lakini kompyuta inapowaka inatafuta maelfu na maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na mkono ni mmoja. Zaidi ya hayo, diski ya namna hiyo inachukia kutikiswa, tena inachukia kukatiwa umeme ghafla. Yetu ilikuwa imebebwa kwenye mfuko wa bega na kukatiwa umeme kwa miaka mingi.

Diski ya namna mpya, ambayo wauzaji wanaiita SSD, haina sahani wala mkono. Habari huwekwa kama chaji za umeme ndani ya vipande vidogo vya kumbukumbu, namna iliyobuniwa katika miaka ya 1980 na mhandisi Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi Toshiba. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka, hakuna cha kungojea: kipande kinapatikana kwa muda ulio mfupi karibu mara mia. Na jambo lililonishangaza ni kwamba diski hiyo mpya inaingia katika tundu lile lile la diski ya zamani, kwa plagi ile ile. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta nyingi za mkononi za miaka ile. Zile nyembamba sana zina tundu la namna nyingine, kwa hiyo ni lazima kuuliza kabla ya kununua.

Fundi alituuzia diski ya gigabaiti 240 kwa dola 28, akadai dola 10 za kazi yake. Diski ya zamani ilikuwa na nafasi mara mbili ya hiyo, lakini katika miaka yote hatukuwa tumejaza hata sehemu ya nane yake. Alituonya pia juu ya wadanganyifu: mtu akikuuzia diski yenye nafasi kubwa ajabu kwa bei ndogo ajabu, mara nyingi amekuuzia ganda. Litapokea kazi zako, wala halitakurudishia.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Alitoa betri, akagusa chuma ili mwili wake usibaki na umeme unaoweza kuharibu vipande vya ndani, akafungua skurubu chache, akaitoa diski ya zamani. Kwanza alijaribu kuinakili yote kama ilivyo kwenye ile mpya. Nakala ilifika asilimia 83, ikakwama. Alijaribu tena, ikakwama pale pale. Kulikuwa na sehemu za diski zisizosomeka tena. Basi akaweka mfumo mpya, Linux Mint, unaopatikana bila malipo, kwa sababu prosesa yetu ni ya zamani mno kukubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilikwisha kuwekewa mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kisha akaanza kuokoa kazi zetu, folda moja baada ya nyingine.

Orodha za wanachama ziliokolewa. Hesabu za fedha ziliokolewa. Picha za Pasaka ya mwaka 2017 hazikufunguka tena. Katika picha zile alikuwamo mwenzetu mmoja ambaye baadaye alifariki, na mama yake alikuwa ametuomba tumtolee moja. Tulikuwa tumemjibu kwamba tutamtolea.

Hapo mtunza hazina akasema polepole, bila kunitazama, kwamba katibu alikuwa ameomba mara mbili tununue kle ya USB ya kuwekea nakala. Nilikumbuka. Mara zote mbili nilijibu kwamba hakuna fedha kwa mambo kama hayo.

Fundi alipomaliza, aliiwasha. Nilianza kuhesabu kwa sauti ya chini. Sikufika 30. Mashine ile ile, yenye kioo kile kile chenye mkwaruzo, ilikuwa tayari inangoja amri yetu. Yeye mwenyewe alitukataza kuona muujiza. Alisema prosesa haikubadilika, na kumbukumbu ya muda, ile iitwayo RAM, imebaki gigabaiti 4, hivyo mtu akifungua kurasa nyingi za intaneti kwa mara moja mashine itachoka tena. Betri bado imekufa. Tena diski mpya ina hatari yake: ile ya zamani hulia kabla ya kufa, lakini hii inaweza kunyamaza siku moja bila kuaga. Kwa hiyo nakala ni lazima daima. Na mteja aliyekuja baada yetu aliambiwa kweli nyingine: ubao mkuu wa mashine yake ulikuwa umeungua, na kuitengeneza kungemgharimu zaidi ya thamani yake. Fundi hakusema kwamba kila kitu kinapona. Alichokataa ni kutoa hukumu kabla ya kusikiliza.

Tulirudi kwa miguu. Kwa mbali tuliuona mlima mweusi wa mabaki ya shaba na dohani ndefu iliyo kando yake. Sisi wa Lubumbashi tunaupita kila siku bila kuutazama. Tangu mwaka 1911, shaba ya kwanza ilipoyeyushwa hapa, mabaki yalimwagwa pale kama kitu kisicho na kazi, mwaka baada ya mwaka, hata yakawa mlima. Karibu na mwaka 2000 watu walianza kuyeyusha upya mabaki yale yale, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kobalti nyingi. Kilichoitwa taka kilikuwa hazina iliyosubiri kuchunguzwa. Na leo kobalti ya nchi yetu imo ndani ya betri za simu na kompyuta za dunia nzima, na shaba imo katika nyaya zake. Watu wa huku wameyachimba madini hayo kwa jasho, wengine kwa mikono mitupu na wengine kwa kupoteza maisha. Mashine ikitupwa kabla ya wakati wake, jasho hilo linatupwa pamoja nayo. Waraka Laudato Si', uliotolewa mwaka 2015, unaizungumzia tabia hiyo kwa jina la utamaduni wa kutupa. Nilikuwa nimewafundisha ninyi somo hilo ukumbini. Sikujua kwamba nami nilikuwa karibu kutupa vitu viwili kwa siku moja, mashine na mtu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa katibu. Alikuwa akifua uani, mama yake ameketi kando. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, nikamwahidi kwamba Jumamosi nitarudia maneno hayo mbele ya wale walionisikia nikimwaibisha. Alikausha mikono yake, akanyamaza kwa muda, kisha akasema: "Mlezi, siku ile nilifika saa sita. Nilijua mashine ni nzito, nikafika mapema. Umeme ulikatika mara nne." Sikuwa nimemwuliza alifika saa ngapi. Nilikuwa nimetazama tu saa aliyomaliza.

Alirudi kwa sharti moja: inunuliwe kle ya USB. Tuliinunua kwa dola 7. Hazina ikabaki na dola 265, na wenzetu watatu waliingia katika mtihani. Kwa mama wa marehemu nilikwenda peke yangu kumweleza juu ya picha. Hilo fedha haikuweza kulitengeneza.

Vijana wapenzi, katika vikundi vyetu mna mwenzenu anayechelewa daima, mwingine asiyejibu upesi, mwingine ambaye matokeo yake ya shule yameshuka ghafla. Ni rahisi kusema: amekwisha, tumpe mwingine. Pengine mtu mwenyewe ni mzima kabisa, na kilichochoka ni kimoja tu. Anatembea saa mbili kwa miguu, au halali kwa kumwuguza mzazi, au anafanya kazi kwa chombo tulichompa sisi wenyewe, nasi tumeacha kukiangalia. Wapo pia ambao kasoro yao ni yao kweli, na kuwaambia ukweli ni wajibu. Lakini ukweli huo autoe mtu aliyekwisha kuweka sikio lake na kusikiliza.

Katika mkutano wenu ujao, jadilianeni maswali haya. Ni nani katika kikundi chetu tumemhukumu kwa saa aliyomaliza, bila kumwuliza alianza saa ngapi? Ni ombi gani dogo la mwenzetu tumelikataa mara mbili? Na kumbukumbu za kikundi chetu, je, zina nakala mahali pengine? Swali hilo la mwisho msilijibu kwa maneno. Mlijibu siku hiyo hiyo kwa kle ya USB.