Miaka 11 alipita langoni bila kuuliza

Kwa miaka 11 dereva huyo wa bodaboda alipita mbele ya lango la chuo cha maendeleo ya wananchi mara nane au kumi kwa siku. Alijua mwembe upi una kivuli kizuri, wanafunzi wanatoka saa ngapi na nani hulipa nauli bila kubishana. Ukimuuliza ndani kuna nini, angekujibu bila kusita: "Wanafundisha useremala."

Nyumbani kwake, katika mji mmoja wa Mkoa wa Mtwara (majina yamehifadhiwa kwa ajili ya mtoto), mambo hayakuwa mazuri. Mwaka 2022 binti yake wa kwanza alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Baba hakumpiga wala hakumfukuza. Aliacha kusema naye. Akitaka maji alimwambia mkewe, "Mwambie binti yako alete maji," na binti yuko pale pale jikoni anasikia. Ni adhabu ambayo kina baba wengi huiona ndogo kwa sababu haina fimbo. Iliendelea zaidi ya mwaka.

Mtoto alipofikisha miezi mitano, binti alijaribu kurudi shule. Ruhusa ilikuwepo, maana tangu Novemba 2021 Serikali ilishatoa waraka wa kuwarejesha darasani wanafunzi waliojifungua. Lakini waraka haushiki mtoto. Shule ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Bibi wa mtoto huondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukaanga maandazi stendi, hivyo mtoto aliachwa kwa majirani, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ikifika saa nne maziwa yalimtoka binti yakalowesha shati jeupe, na wavulana wa viti vya nyuma wakacheka. Alivumilia siku tisa.

Baada ya hapo ukapangwa mpango mwingine. Shangazi wa Dar es Salaam alipata nyumba Mbagala iliyohitaji dada wa kazi. Binti angekwenda, mtoto angebaki. Nauli ya basi ilikuwa imeshatengwa, na safari ilikuwa Jumatatu.

Alhamisi kabla ya Jumatatu hiyo, Februari 2024, mvua kubwa ilimkuta baba langoni kwa chuo. Mlinzi mzee alimfungulia kibanda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ingia, pikipiki iache hapo hapo."

Wakakaa. Katikati ya kishindo cha mvua juu ya bati, ng'ambo ya uwanja, kulisikika watoto wadogo wakiimba na kupiga makofi.

"Mzee, siku hizi mna chekechea humu?"

"Wale ni watoto wa wanafunzi."

"Wanafunzi gani wenye watoto?"

Mlinzi alimtazama kama mtu anayetaniwa. "Si hawa unaowaleta wewe kila asubuhi?"

Kweli alikuwa akiwaleta. Wasichana wenye watoto mgongoni, mkoba mkononi. Siku zote alidhani wanashuka hapo ili wakate njia kwenda kliniki.

Mvua ilichukua karibu saa nzima, na mlinzi alikuwa mtu wa maneno. Yeye mwenyewe alisomea uashi hapo miaka ya 1980, na ukuta wa lango aliusimamisha yeye na wenzake. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya watu wazima vya Uswidi, na Tanzania Bara viko 54. Lengo tangu mwanzo lilikuwa kumfundisha mwananchi wa kawaida, aliyemaliza shule na asiyemaliza. Pengine ndiyo maana watu wanavipita tu. Mzazi anayetafuta shule huangalia ufaulu na sare, na chuo chenye karakana na banda la kuku hakimjii akilini.

Mvua ilipokatika, mlinzi alimpeleka kwa mwalimu mmoja wa kike. Huyo ndiye aliyemweleza habari za Elimu Haina Mwisho, mpango unaoendeshwa kwenye vyuo hivi kwa ajili ya wasichana waliokatiza masomo, wengi wao kwa sababu ya ujauzito. Wanasoma masomo ya sekondari na kujifunza ufundi kwa pamoja, na watoto wao wanalelewa humo humo chuoni. Mama anaweza kutoka kwenda kunyonyesha, kisha akarudi darasani.

Baba aliuliza swali moja tu: kidato cha tatu si ameshachelewa? Mwalimu akamjibu kwa kumuuliza kama binti alifaulu mtihani wa kidato cha pili. Alifaulu. Basi hana haja ya kuanza na ule mtihani wa QT, mwalimu akasema, anaweza kujiandaa moja kwa moja kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo ya mwaka yalikuwa yameanza, ila angepokelewa kama angefika mapema na karatasi zake.

Jioni hiyo alirudi nyumbani, akasimama mlango wa jikoni na kofia yake mkononi. Maneno ya kwanza aliyomwambia binti yake baada ya mwaka na miezi yalikuwa haya: "Matokeo yako ya kidato cha pili yako wapi?"

Binti alidhani anataka kuyachoma.

Mama mtu alipoelezwa, alikaa kimya, kisha akakiri kwamba habari za chuo alikuwa ameshazisikia kwa wateja wake wa maandazi, tangu mtoto hajaanza kukaa. Hakuthubutu kuzileta nyumbani, kwa kuwa huyo binti alikuwa hatajwi mbele ya baba. Miezi yote hiyo ilipotea ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, na chuo kiko kilomita mbili.

Karatasi zilileta mengine. Mtoto hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na baba alijiandaa kupoteza siku nzima kwenda wilayani. Ikabainika kwamba mkoani kwao watoto walio chini ya miaka mitano husajiliwa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo. Ofisi ya kata aliijua kwa michango na barua za utambulisho tu. Safari hii alikaa kwenye benchi akasoma ubao wa matangazo. Mlango wa pili palikuwa na afisa maendeleo ya jamii, ambaye miezi kadhaa baadaye, mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri iliporejeshwa, alimsaidia mkewe na wanawake wanne wa stendi kusajili kikundi. Fedha hawajapata bado. Afisa ustawi wa jamii naye alimwita kijana aliyezaa na binti. Kijana analeta matumizi mwezi mmoja, miwili anapotea.

Na chuoni si kwamba kila kitu kilinyooka. Wiki za kwanza mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na binti alitaka kuacha. Hisabati zilikuwa zimemtoka kabisa. Alichagua ushonaji, akaharibu mita tatu za kitambaa cha mwenzake, na baba akalipa bila kusema neno. Mkewe anasema siku hiyo ndipo alipoamini kwamba safari ya Mbagala imekufa.

Baba na binti bado hawaongei sana. Kila asubuhi anawapakia wote wawili, mtoto katikati, na kwa kuwa ana mjukuu nyuma yake huendesha polepole hadi wenzake wa kijiweni wanamzomea. Wakifika langoni binti anashuka, anamfunga mtoto mgongoni, anasema, "Ahsante, baba."

"Mnatoka saa ngapi?" baba anauliza, ingawa saa anaijua.