Kabla Hujalipia Tangazo la Redio, Soma Hapa

Wengi mmeniuliza kama inafaa kutangaza biashara kwenye redio ya hapa wilayani. Inafaa. Ila kabla hujalipia, nisikilize mimi niliyekosea.

Jirani yangu anauza vifaranga chotara. Aliniomba nimwandikie tangazo la sekunde 30. Tulienda studio, tukaweka mlio wa jogoo, na mtangazaji akapaza sauti: "Kuku wasiojua kuugua!" Maneno yalikuwa matamu, hata watoto wakawa wanayaimba njiani. Vifaranga 300 viliisha ndani ya wiki moja. Nikajiona fundi.

Baada ya miezi miwili, mama mmoja alinifuata ofisini na ndoo. Ndani kulikuwa na kuku sita waliokufa kwa kideri. Nilipomuuliza kuhusu chanjo, akanitazama. "Bwana mifugo, si redioni mlisema hawaugui?"

Nilikosa jibu. Chotara hukua haraka, lakini kideri humpata kama kuku mwingine yeyote. Hilo nilikuwa nalijua wakati naandika.

Tulirudi studio. Safari hii tuliandika mazungumzo ya majirani wawili, vifaranga wakilia kwa nyuma:

"Jirani, kuku wako hawafi?"
"Nisipochanja wanakufa! Hawa nimewanunua wameshachanjwa, na tarehe ya kurudia nimeandikiwa. Kila miezi mitatu."
"Umewapata wapi?"
"Nyuma ya soko, siku ya gulio."

Kisha mtangazaji akasoma namba ya simu.

Ukitaka kutangaza, fanya hivi:

1. Sema jambo moja tu. Sekunde 30 hubeba maneno kama 60. Soma kwa sauti huku ukipima kwa simu yako.

2. Tumia sauti ya biashara yenyewe: mashine ikisaga, mafuta yakichemka, mbuzi wakilia. Msikilizaji haoni, anasikia.

3. Taja mahali kwa alama inayojulikana, na namba ya simu mara mbili, polepole.

4. Uliza redio irushe saa ambayo mteja wako yuko nyumbani. Ni heri tangazo fupi lirudiwe siku kadhaa kuliko refu lisikike mara moja.

5. Kabla ya kurekodi, pitia kila sentensi ujiulize: mteja akija na ndoo, nitamjibu nini?

Tangazo la pili halikuimbwa na mtoto yeyote. Vifaranga viliisha kwa wiki tatu badala ya moja. Lakini wanunuzi walikuja wakiulizia tarehe ya chanjo, na yule mama wa ndoo alichukua kumi. Safari hii nilikwenda kumchanjia mwenyewe.

Kama una maneno ya tangazo lako, niletee tuyasome pamoja kabla hujatoa hela.