Likembe ya Babu

Hapa kwetu Kalemie jioni hazina kimya. Redio moja yavuma sokoni, nyingine karibu na bandari, na upepo wa ziwa wazichanganya zote. Jioni moja, katikati ya makelele hayo, tukasikia likembe. Tulidhani tumekosea. Likembe ni chombo cha wazee: ubao, ndimi za chuma, vidole gumba viwili, na sauti ndogo isiyovuka ua. Hii ilivuka mtaa mzima, tena ikikoroma kama mashine ya kusaga mihogo.

Tukamwuliza mwenye duka. Akajibu, "Ni Konono wa Kinshasa."

Basi tukatafuta habari zake. Mzee Mawangu Mingiedi, Mzombo wa kule mpaka wa Angola, aliunda kikundi hicho miaka ya 1960. Mjini makelele yaliimeza likembe yake. Hakuitupa! Alitwaa sumaku za magari mabovu, akaunda maikrofoni kwa mikono yake, akaziunganisha na vipaza sauti vikuukuu. Koromo lile hakulitaka. Vyombo ndivyo vilivyolileta, naye akalikubali liwe sehemu ya ngoma. Mwaka 2004 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa santuri yao, Congotronics, iliyorekodiwa na Vincent Kenis. Vijana wa Ulaya, waliodhani ngoma za mitambo ya umeme ni zao wenyewe, wakashangaa kusikia kitu cha jamaa moja na tekno yao, kumbe kimezaliwa Kinshasa. Mwaka 2007 Konono wakasikika hata katika wimbo wa Björk wa Iceland. Mzee alifariki mwaka 2015.

Habari hizi zilituuma. Babu yetu naye alikuwa na likembe. Sisi wajukuu, kwa kuwa tumesoma kidogo, tulimcheka. Akianza kupiga, tulizidisha sauti ya redio makusudi. Hakutugombeza hata siku moja. Alihamia nyuma ya jiko, akapigia huko. Alipofariki tuling'oa zile ndimi za chuma tukazifanya vizito vya mishipi yetu. Ubao ulipikia ugali.

Juma lililofuata tulipekua kikapu cha mishipi, tukapata ulimi mmoja, umeliwa na kutu. Shangazi akauliza, "Mwatafuta nini humo, wanangu?" Hatukuweza kumjibu.