Neno "mvivu"

Daktari alitumia neno la Kifaransa *indolent*. Mama mkubwa akanigeukia. Mimi, mwanafunzi wa isimu, nikamtafsiria bila kusita: "Ugonjwa wenyewe ni mvivu."

Ilikuwa limfoma ya MALT, saratani adimu ya chembe za kinga katika ukuta wa mfuko wa chakula. Peter Isaacson na Dennis Wright waliieleza mwaka 1983. Hukua polepole, na mara nyingi chanzo chake ni bakteria *Helicobacter pylori*. Kwa wagonjwa wengi, dawa za kuua bakteria hiyo hutosha kuiondoa. Kwa mama mkubwa hazikutosha. Ikabaki tiba ya mionzi, na safari ya kutoka Lubumbashi, kupitia Kasumbalesa, hadi Lusaka.

Neno "mionzi" hakulijua. Nikasema: "Watakuchoma kwa moto usioonekana." Akanyamaza. Usiku ule akaniuliza:

"Kama iko muvivu, banichome juu ya nini?"

Akakataa kusafiri.

Swali lake lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu. Neno moja lilikuwa limefanya ugonjwa kuwa mchezo, jingine likafanya tiba kuwa adhabu. Nikafungua kamusi. *Indolent* linatokana na Kilatini *dolere*, kuuma, pamoja na kikanushi *in-*: kitu kisichouma. Maana ya uvivu ilikuja baadaye. Darasani ningepoteza alama moja tu.

Asubuhi nikaanza upya, kwa Kiswahili cha nyumbani: "Mama, hii bugonjwa inatembea polepole, lakini inatembea. Ile mashini iko sawa radio ya kifua, ila nguvu yake ni mingi. Hautasikia moto."

Nikamweleza na hesabu: grei 30 zilizogawanywa mara 20, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki nne. Kila mara aende bila kula, ili mfuko wa chakula uwe mdogo na mionzi isiguse sehemu kubwa ya mwili. Kichefuchefu na uchovu sikuvificha.

"Kidogo kidogo, sawa dawa ya kunywa?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa jana haukusema vile juu ya nini?"

Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa ameshaanza kutafuta pasipoti yake.