Siku Moja Getafe



Mwaka 2024 tulijaliwa, mume na mke, kwenda hija ya Lurdi na Fatima, na katikati ya safari tukalala Madrid. Siku ya mapumziko wenzetu walikwenda kutazama jumba la wafalme. Sisi tulipanda gari la moshi (lisilo na moshi, maana huenda kwa umeme) tukashuka Getafe, kilometa 13 hivi upande wa kusini. Ni mji wa viwanda na wa watu waendao kazini Madrid asubuhi na kurudi jioni. Gari letu lilikuwa karibu tupu. Lile tulilopishana nalo watu walisimama wamebanana. Mgeni haendi huko kutembea. Tuliona nguo zimeanikwa madirishani, na wazee wakiota jua uwanjani. Tukasali kidogo katika kanisa la Maria Magdalena, lililofanywa kanisa kuu mwaka 1991.

Lakini tulikwenda kwa ajili ya Cerro de los Ángeles, yaani Kilima cha Malaika. Juu yake, tarehe 30 Mei 1919, mfalme Alfonso wa 13 aliiweka Hispania wakfu kwa Moyo Mtakatifu wa Yesu, mbele ya sanamu kubwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1936, wanamgambo walijipanga wakaipiga sanamu ile risasi, kama mtu aliyehukumiwa kufa, kisha wakaibomoa kwa baruti. Sanamu ya sasa ilizinduliwa mwaka 1965. Nayo magofu ya ile ya kwanza yangalipo, yameelekeana na mpya. Hawakuyaondoa.

Mama Yohana aliketi kivulini, akavua viatu, akayatazama magofu yale asiseme neno.

Hapana budi tuseme jambo la nyumbani. Mdogo wake Yohana alitumikia altareni tangu utoto. Baadaye akashikwa na ulevi, na usiku mmoja akaivunja sanamu ya Moyo Mtakatifu iliyokuwa sebuleni kwetu. Tukamfukuza. Twasema “tukamfukuza”, lakini mmoja wetu ndiye aliyefungua mlango, na mwenziwe alikuwa akilia. Vile vipande tulivizika nyuma ya nyumba kabla hakujapambazuka, kwa kuogopa wanafunzi wetu wa katekismu watasema nini. Kwa muda wa miezi 14 jina la kijana yule halikutajwa mezani petu.

“Baba Yohana,” akasema mwishowe, “wenzetu hawa hawakuficha.”

Hatukujibizana. Tuliteremka polepole mpaka stesheni. Jioni ilikuwa imeingia, na watu walikuwa wakishuka kwa wingi na mifuko yao. Hapo tukampigia kijana simu. Mara ya kwanza hakupokea. Mara ya pili akaitika, akanyamaza, kisha akauliza, “Mama yupo hapo?”

Sasa amerudi nyumbani. Pombe bado yamsumbua, wala hatujui kesho yake. Mtukumbuke katika sala zenu.